Maumivu ya Kichwa Yanayojifanya Kiharusi kwa Wazee: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu umeandikwa kwa sababu ya kosa moja ambalo wanaowatunza wazee wanalirudia kila mara. Wanasoma orodha za dalili zinazotofautisha kipandauso na kiharusi, kisha mzee anapopata ganzi upande mmoja huku kichwa kikimuuma, wanaitumia orodha hiyo kuamua kama waende hospitali au wasubiri nyumbani. Orodha hizo hazikutungwa kwa kazi hiyo. Hata daktari bingwa wa neva, akiwa kando ya kitanda bila picha ya ubongo, hukosea mara nyingine.

Nyumbani kuna kazi mbili tu: kufika hospitali mapema, na kufika na maelezo yaliyonyooka. Kutofautisha ni kazi ya hospitali, na kazi hiyo inategemea mno maelezo mtakayokwenda nayo. Ndiyo maana hatua mbili za kwanza hapa chini hazitaji kipandauso hata kidogo.

## Vitu vya kuandaa kabla ya siku ya dharura

Weka vitu hivi pamoja kwenye kifuko kimoja ambacho kila aliyemo nyumbani anajua kilipo.

- Daftari dogo na kalamu inayoandika.
- Orodha ya dawa zote za mzee, kipimo chake na saa anazozimeza. Dawa za kuzuia damu kuganda (varfarini, rivaroksabani, apiksabani na nyinginezo za aina hiyo), aspirini, klopidogreli na insulini zipigiwe mstari, kwa sababu ndizo zitakazoulizwa kwanza.
- Ukurasa mmoja wa historia yake: presha, kisukari, moyo, kifafa, kiharusi cha zamani, kipandauso cha ujanani, na kama aliwahi kuanguka katika miezi mitatu iliyopita.
- Kipima sukari chenye vijiti ambavyo muda wake haujapita, na kipima presha kama kipo.
- Simu inayorekodi video, yenye chaji.
- Namba ya gari la wagonjwa, pamoja na jina la hospitali ya karibu yenye mashine ya CT, yaani ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, inayofanya kazi usiku na mchana. Hospitali iliyo karibu zaidi lakini haina mashine hiyo haiwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka, na matibabu ya hali hizo mbili yanapingana. Ulizeni jambo hili sasa, mkiwa na utulivu.

## Hatua ya 1: Andika saa

Kabla ya kitu kingine chochote, andika saa ambayo mzee alionekana kwa mara ya mwisho akiwa katika hali yake ya kawaida. Saa mliyomkuta na tatizo ni nyingine kabisa, na kuzichanganya hizo mbili ndilo kosa linalowanyima wagonjwa tiba. Akiamka asubuhi na mkono mzito, saa inayohesabika ni ile aliyoagana nanyi usiku akienda kulala, au saa aliyoamka kwenda msalani na akatembea vizuri, ikiwa kuna aliyemwona.

Sababu yake ni hii. Dawa ya kuyeyusha donge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kutoa donge kwa mpira mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa kunaweza kufanywa hata hadi saa 24 kwa baadhi ya wagonjwa waliochaguliwa kwa picha. Bila saa ya kuanzia, milango hiyo hufungwa au hufunguliwa kwa kubahatisha.

Tahadhari moja inayotuhusu sisi tunaosema Kiswahili: karatasi za hospitali nyingi hujazwa kwa mfumo wa saa 24, ambapo saa mbili asubuhi ni 08:00. Mtu mmoja akisema «saa mbili» na mwingine akaandika 02:00, mgonjwa ameongezewa saa sita ambazo hazikuwapo. Andika kwa mifumo yote miwili, na uongeze neno asubuhi, mchana au usiku.

Umefaulu ikiwa una mstari mmoja unaosomeka hivi: «Mara ya mwisho kuonekana mzima: saa mbili na robo asubuhi, 08:15, alipokuwa akizungumza na bintiye.»

## Hatua ya 2: Mpime uso, mikono, maneno, macho na mizani

Upimaji huu usizidi dakika mbili, na asiyejua kuufanya asichelewe kupiga simu kwa ajili yake.

Mwambie atabasamu au aonyeshe meno, uangalie kama upande mmoja wa mdomo umelegea. Mwambie afumbe macho na anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Mkono unaoshuka au kugeuka ndio wenye hitilafu. Mwambie arudie sentensi fupi baada yako, usikilize kama maneno yanaburuzika, yamepotea au hayana maana.

Kisha macho. Mfunike jicho la kulia, umuulize anaona nini. Halafu la kushoto. Ikiwa sehemu ileile ya uono imepotea kwa kila jicho, tatizo liko ndani ya ubongo. Ikiwa limeathirika jicho moja pekee, tatizo liko kwenye jicho lenyewe au mshipa unaolilisha. Watu wengi husema «jicho la kulia halioni» wakati ukweli ni kwamba macho yote mawili hayaoni upande wa kulia, na jibu la swali hili dogo hubadilisha uchunguzi wote unaofuata.

Mizani ipimwe akiwa ameketi: je, anaweza kukaa wima bila kuegemea? Usimsimamishe na kumtembeza ili «kuona kama anaweza».

Usidanganywe na uso na mikono iliyo sawa. Kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo kinaweza kuja na kizunguzungu kikali, kuona vitu viwili viwili, kutapika na maumivu ya kisogo, huku uso na mikono vikiwa salama.

Na dalili zikiisha zenyewe ndani ya dakika kumi, safari haifutwi. Hicho kinaweza kuwa kiharusi cha mpito, ambapo mshipa uliziba kwa muda ukafunguka, na hatari ya kiharusi kamili huwa kubwa zaidi katika siku mbili zinazofuata. Wengi hurudi kitandani wakishukuru hapa hapa.

## Hatua ya 3: Piga simu, umlaze, na usimpe kitu

Ikiwa kuna dalili yoyote ya hatua ya 2 iliyoanza ghafla, au kichwa kimeanza kuuma kwa ghafla na kwa nguvu ambayo hajawahi kuipata maishani, piga simu ya dharura na utamke neno «kiharusi» katika sentensi ya kwanza. Usiseme «ana kipandauso» hata kama alikuwa nacho tangu ujana. Aliyewahi kuwa na kipandauso hana kinga dhidi ya kiharusi, na neno hilo likishatamkwa huwafanya wanaokuhudumia wapunguze mwendo.

Mlaze kwa upande ikiwa anatapika au ana usingizi mzito. Rekodi video ya nusu dakika ikionyesha uso wake, usemi wake na mikono yake, kwa sababu dalili zinaweza kutoweka kabla hajaonwa na daktari.

Makatazo ya hatua hii ni manne, na kila moja lina sababu yake.

Usimpe aspirini. Inasaidia pale mshipa ulipoziba, lakini ikiwa umepasuka huongeza kuvuja kwa damu, na hakuna anayeweza kujua tofauti hiyo kwa macho.

Usimwongezee dawa ya presha. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Kipimo kinasoma juu, familia inasema ni presha tu imepanda, na kidonge cha ziada kinamezwa. Katika kiharusi mwili wenyewe mara nyingi hupandisha presha, na kuishusha ghafla huweza kuinyima damu sehemu ya ubongo ambayo bado ingeokolewa. Hospitali itaishusha ikibidi, kwa kiasi kinachopimwa.

Usimpe dawa za kipandauso za kundi la triptani wala zenye ergotamini, kwa sababu hubana mishipa ya damu.

Usimpe chakula wala maji. Misuli ya kumeza inaweza kuwa imelegea bila yeye kujua, na kitu kikaingia mapafuni. Katazo hili lina mwanya mmoja tu, nao umo katika hatua inayofuata.

## Hatua ya 4: Pima sukari wakati mnasubiri gari

Sukari ikishuka sana, mzee anaweza kulegea upande mmoja, kuchanganyikiwa, kubwabwaja na kulalamika kichwa, kiasi kwamba bila kipimo huwezi kuitofautisha na kiharusi. Wanaotumia insulini au vidonge vya kisukari vya kundi la glibenklamidi wako katika hatari zaidi.

Kipimo kilicho chini ya 3.9 mmol/L, yaani 70 mg/dL, ni cha chini. Ikiwa yuko macho kabisa, anaongea na anameza mate bila kupaliwa, mpe kitu cha sukari, kisha pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa ana usingizi au anapaliwa, usimtie kitu mdomoni. Kwa hali zote mbili safari inaendelea, na namba uliyoipata inaandikwa kwenye daftari pamoja na saa.

## Hatua ya 5: Andika namna dalili zilivyotembea

Hapa sasa ndipo kipandauso kinapoingia, na hapa ndipo maelezo yako yana uzito kuliko mashine nyingi.

Dalili za kipandauso zinazotangulia au kuandamana na maumivu, ambazo madaktari huziita aura, hutokana na wimbi la umeme linalosambaa polepole juu ya tabaka la nje la ubongo, kwa mwendo wa takriban milimita 3 kwa dakika. Wimbi hilo likifika sehemu inayohusika na kuona, mtu huona mwanga. Likifika inapohisiwa mikono, vidole hufa ganzi. Kwa kuwa linatembea, dalili nazo hutembea. Mshipa uliozibwa na donge hauna mwendo wa aina hiyo: sehemu yote iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hunyimwa damu kwa pamoja, na kazi zake hukatika kwa pamoja.

Kwa hiyo mwulize mzee, au aliyekuwepo, maswali haya, na uandike maneno yao wenyewe.

Ilianza wapi, na ilifika wapi? Ganzi ya kipandauso mara nyingi huanzia kwenye vidole, ikapanda mkononi kwa dakika kadhaa, kisha ikarukia mdomoni na kwenye ulimi upande uleule. Ganzi ya kiharusi kwa kawaida hushika uso, mkono na mguu kwa mkupuo mmoja.

Ilichukua dakika ngapi kufika kilele? Aura husambaa kwa dakika 5 au zaidi, na kila dalili hudumu kati ya dakika 5 na 60. Zikifuatana dalili tatu, tukio zima linaweza kufika saa tatu. Wengi hawajui dakika ngapi zilipita, basi wasaidie kwa kulinganisha na mambo waliyokuwa wakifanya: ulikuwa umemaliza kuvaa? taarifa ya habari ilikuwa imekwisha?

Kuna kilichoongezeka, au kuna kilichopotea tu? Mwanga unaometameta, mistari ya msumeno, na hisia ya kuchomwachomwa na sindano ni vitu vilivyoongezeka, na huelekea kipandauso. Giza, ganzi kavu na mkono usiotii ni upungufu, na huelekea kiharusi. Katika aura ya macho, mara nyingi doa dogo lenye kumeta hupanuka kuelekea pembeni na kuacha sehemu isiyoona nyuma yake.

Je, mkono ulikuwa dhaifu, au ulikuwa na ganzi? Wagonjwa huyachanganya maneno haya mawili, na tofauti yake ni kubwa. Aura ya kawaida haina udhaifu wa misuli. Ipo aina adimu ya kipandauso inayopoozesha upande mmoja, ambayo udhaifu wake unaweza kudumu hadi saa 72, lakini huanza katika umri mdogo na mara nyingi huwa katika ukoo. Mzee anayepooza kwa mara ya kwanza asikubaliwe kuwa na kipandauso hicho mpaka mengine yote yamechunguzwa.

Maumivu yalikuja lini? Katika kipandauso kwa kawaida hufuata aura au huja pamoja nayo. Lakini kwa wazee aura huweza kuja bila maumivu yoyote, na jambo hili huwababaisha hata wahudumu wa afya. Daktari C. Miller Fisher alilieleza kwa kina mwaka 1980, alipoonyesha kwamba baadhi ya matukio yaliyodhaniwa kuwa viharusi vya mpito kwa watu wa umri mkubwa yalikuwa kipandauso. Kwa upande mwingine, kuwa na maumivu hakuondoi kiharusi: viharusi vya kuvuja damu na vile vya nyuma ya ubongo mara nyingi huja na maumivu ya kichwa.

Nirudie jambo nililoanza nalo, kwa sababu ni hapa msomaji hushawishika kulisahau. Majibu haya ni ya kumpa daktari. Kiharusi kinaweza kuongezeka hatua kwa hatua kwa dakika nyingi, na kipandauso kinaweza kuanza ghafla. Kila mstari hapo juu unaonyesha mwelekeo tu.

Umefaulu ikiwa daktari anaweza kuchora tukio zima kwa mstari wa saa bila kukuuliza maswali zaidi ya mawili.

## Hatua ya 6: Kagua mapanja, taya na macho

Kila mtu aliyevuka miaka 50 akipata maumivu ya kichwa ya aina mpya, ambayo hakuwahi kuwa nayo, kuna ugonjwa mmoja ambao lazima uulizwe kwa jina: kuvimba kwa kuta za ateri za kichwani, hasa ile inayopita panjani (kwa Kiingereza, giant cell arteritis). Ugonjwa huu ni nadra kabla ya umri huo. Unaweza kupofusha jicho, na unaweza kusababisha kiharusi cha kweli, hasa kwa mishipa inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Kwa hiyo huu haujifanyi kiharusi tu; ukiachwa, hukileta.

Dalili zake za mwanzo ni za kawaida mno kiasi kwamba mzee hatazisema asipoulizwa.

Muulize kama kuchana nywele au kuweka kichwa juu ya mto kunamuuma. Muulize kama taya linachoka au kuuma anapotafuna, kisha linapoa akipumzika. Dalili hii ni ya thamani kubwa, na watu wengi hupeleka malalamiko hayo kwa daktari wa meno. Muulize kama aliwahi kupoteza uono wa jicho moja kwa dakika chache kana kwamba pazia limeshushwa, au kuona vitu viwili. Muulize kuhusu ukakamavu wa mabega na nyonga asubuhi, homa ndogondogo na kupungua uzito.

Kisha pitisha vidole taratibu juu ya mapanja yote mawili. Mshipa uliovimba unaweza kuwa mgumu, wenye vinundu, unaouma ukiguswa, au usio na mpigo kama wa upande wa pili. Mshipa wa kawaida haumalizi shaka.

Ukikuta mseto wa dalili hizi, hata kama hakuna ganzi wala udhaifu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vipimo vya mwanzo ni vya damu, ESR na CRP, vinavyoonyesha kama kuna uvimbe mwilini, na vyote viwili vipimwe kwa sababu kimoja kinaweza kuwa cha kawaida wakati cha pili kimepanda. Dawa ni prednisoloni ya kiwango kikubwa, mara nyingi miligramu 40 hadi 60 kwa siku, na huanzishwa kwa dhana kabla ya kuthibitisha kwa kuchukua kipande kidogo cha ateri au kwa kipimo cha mawimbi ya sauti. Kipande kikichukuliwa ndani ya wiki mbili hivi tangu dawa ianze, kwa kawaida bado kitaonyesha ugonjwa. Daktari akisema tusubiri majibu ya maabara kwa wiki moja kabla ya kutibu, na mzee ameshaanza kupoteza uono, muombe kwa adabu akueleze sababu. Uono uliopotea kwa ugonjwa huu kwa kawaida haurudi, na jicho la pili linaweza kufuata ndani ya siku au wiki chache.

Onyo: prednisoloni hii isianzishwe wala kukatishwa na familia. Hupandisha sukari na presha, na kuiacha ghafla baada ya kuitumia kwa wiki kadhaa ni hatari yenyewe.

Mkiwa mnatazama macho, angalieni pia jicho jekundu lenye maumivu makali, uono wenye ukungu, duara za rangi kuzunguka taa, na kutapika. Hiyo inaweza kuwa presha ya jicho iliyopanda ghafla. Inahitaji daktari wa macho siku hiyohiyo, maana hupofusha ndani ya muda mfupi.

## Hatua ya 7: Uliza kuhusu kuanguka, ghafla, na matukio yanayojirudia

Kuanguka. Ubongo wa mzee husinyaa kidogo, na mishipa midogo inayouunganisha na utando wa juu huvutika na kukatika kwa urahisi. Pigo dogo, hata la kugonga kichwa kwenye mlango wa gari, linaweza kuvujisha damu polepole, na dalili zikaonekana wiki kadhaa baadaye: kichwa kinauma, mwendo umebadilika, upande mmoja umelegea, akili inakuja na kupotea. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda yuko katika hatari zaidi. Mzee atasema hakuanguka, basi muulize pia aliyekuwa naye.

Ghafla. Maumivu yanayofika kilele ndani ya dakika 1 ni dharura hata kama hakuna dalili nyingine. Yanaweza kuwa ya mshipa uliopasuka juu ya ubongo. Picha ya CT ikipigwa ndani ya saa 6 za mwanzo huikamata damu hiyo kwa uhakika mkubwa; kadiri saa zinavyopita uhakika unapungua, na kipimo cha maji ya uti wa mgongo huweza kuhitajika.

Matukio yanayojirudia. Kuna hali ambayo kuta za mishipa midogo ya ubongo hujengeka protini iitwayo amiloidi, zikawa dhaifu. Baadhi ya wazee wenye hali hiyo hupata vipindi vifupi vya ganzi inayotambaa kutoka vidoleni hadi usoni, vya namna ileile kila mara, vinavyofanana na aura ya kipandauso kama shilingi kwa ya pili. Ubaya wake ni kwamba vikidhaniwa kuwa viharusi vya mpito, mgonjwa anaweza kuanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda, wakati mishipa yake tayari ina mwelekeo wa kuvuja. Kwa mzee mwenye vipindi kama hivyo, uliza kabla ya dawa hizo kuanza: je, amepigwa picha ya MRI (ya mashine ya sumaku) yenye mpangilio wa kuonyesha damu ya zamani? Sijaona swali linaloulizwa mara chache kuliko hili kwa umuhimu ulio nao.

## Hatua ya 8: Jua kila kipimo kinasema nini, na hakisemi nini

CT ya mwanzo hujibu swali moja vizuri: kuna damu au hakuna. Kiharusi cha kuziba mara nyingi hakionekani humo katika saa za mwanzo, kwa hiyo maneno «CT ni safi» hayana maana ya «hana kiharusi». MRI huona sehemu iliyokosa damu mapema zaidi, ingawa viharusi vidogo vya shina la ubongo huweza kuikwepa siku ya kwanza.

Uchunguzi wa mishipa ya shingo na ya kichwa hutafuta palipoziba au palipochanika. Kipimo cha umeme wa moyo hutafuta mapigo yasiyo na mpangilio, ambayo hutengeneza madonge yanayopanda kichwani.

Daktari anaweza kupendekeza dawa ya kuyeyusha donge hata pale ambapo hana uhakika wa asilimia mia. Msishtuke. Kwa watu waliopewa dawa hiyo kisha ikabainika hawakuwa na kiharusi, kuvuja damu ubongoni kumeonekana kuwa kwa nadra, na kusubiri uhakika kunaweza kumaliza muda wote uliopo. Wajibu wenu hapo ni kutoa orodha ya dawa na saa ya mwisho dawa za kuzuia damu kuganda zilipomezwa, bila kuficha chochote.

Umefaulu ikiwa mnatoka hospitali na jina la ugonjwa, au angalau orodha ya yaliyoondolewa, kwa maandishi. «Ni kichwa tu» si jibu kwa mtu wa miaka 70.

## Hatua ya 9: Ikithibitika kuwa ni kipandauso

Andika kila tukio kwenye daftari: tarehe, saa, dalili ya kwanza, mfuatano wake, muda, na dawa zilizotumika. Baada ya miezi miwili daftari hilo litaonyesha sura ya kawaida ya kipandauso cha mzee huyu. Tukio lolote lisilofanana na sura hiyo, yaani lililoanza ghafla, lenye udhaifu, lililodumu zaidi ya saa moja kwa dalili moja, au lenye kuchanganyikiwa, linarudishwa hatua ya 1 bila mjadala.

Dawa za wazee zina mitego yake. Triptani hazifai kwa aliyewahi kuwa na kiharusi, ugonjwa wa mishipa ya moyo au presha isiyodhibitiwa. Ibuprofeni na diklofenaki huumiza figo na tumbo na hupandisha presha. Amitriptilini, ambayo hutolewa kuzuia mashambulizi, inaweza kumletea mzee usingizi, kuchanganyikiwa, kufunga mkojo na kuanguka. Parasetamoli ndani ya kipimo kilichoelekezwa ndiyo huanziwa mara nyingi.

Hesabuni pia siku za dawa. Dawa za kawaida za maumivu zikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, au triptani na dawa za mchanganyiko siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe huanza kuzalisha maumivu. Na kabla ya kulaumu kipandauso, pitieni orodha ya dawa nyingine: zile za maumivu ya kifua ya moyo zenye naitreti, na pia dipiridamoli, hujulikana kwa kuumiza kichwa.

Kifuko kikishatumika, kijazeni tena siku mliyorudi. Orodha ya dawa iliyotoka hospitali ndiyo inayoingia. Ile ya zamani ichanwe, ili usiku mwingine asije mtu akaiokota hiyo.